Kila Chombo na Namba Yake: Kupanga Mtandao wa Ofisi ya Kikundi



Somo letu mara hii linahusu jambo ambalo zamani tusingeliweka kwenye ukurasa wa aina hii. Tumezoea kuzungumza pamoja juu ya mbuzi wa maziwa, vitabu vya hesabu na matangi ya maji. Lakini siku hizi tukitembelea vikundi, iwe ni hapa Fedha, iwe ni Kitui au Busia, tunakuta mezani kwa katibu kuna kompyuta moja au mbili, kando yake printa, na ukutani kile kisanduku chenye vitaa vya kijani kinacholeta intaneti, yaani ruta. Juu ya mlango kuna kamera ya usalama. Wanachama nao, kila mmoja ana simu yake. Vyombo hivi vimeingia kimoja kimoja, leo mfadhili ametoa hiki, kesho kikundi kimenunua kile, na hakuna aliyeketi kuvipanga.

Kuna siku vitagombana. Sisi yalitupata, na ndiyo maana tunaandika.

Siku ya mgao

Tunafanya kazi na kikundi kimoja cha akina mama na vijana hapa Fedha, upande wa Embakasi, si mbali na barabara ya Outer Ring. Ofisi yao ni chumba kimoja kilichoungana na ukumbi mdogo. Jumamosi moja ya mwezi wa Disemba wanachama kama sitini walifika kugawana akiba ya mwaka. Kila mtu alitaka kuona kwenye karatasi: nimeweka kiasi gani, nimekopa kiasi gani, riba ni ngapi, ninaenda nyumbani na nini.

Saa nne asubuhi mama mweka hazina akawasha kompyuta yake, ambayo haikuwa imewashwa tangu Jumatano. Akabonyeza ili karatasi zitoke. Kimya. Kompyuta ikasema haioni printa. Wakazima, wakawasha. Wakazima na printa pia. Waya wa kuunganisha printa moja kwa moja na kompyuta ulikuwa umeazimwa na mtu, hakuna aliyekumbuka ni nani. Mwishowe mweka hazina akatia hesabu kwenye flashi, akatoka mbio hadi saiba, na akarudi baada ya saa moja na nusu na karatasi mkononi.

"Mama, karatasi hizi zimetoka wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Zimetoka saiba, mzee wangu. Printa yetu imekataa."

"Imekataa leo? Jana si ilikuwa nzima?"

Ukumbi ukanyamaza. Ninyi mnaoishi na vikundi mnajua kimya cha aina hiyo. Mama aliyekuwa ametunza pesa za watu miaka minne bila kupoteza hata shilingi kumi alisimama pale akitetemeka midomo. Ilibidi mwenyekiti alete kile kitabu kikubwa cha hesabu kilichoandikwa kwa mkono, na tukasoma jina moja baada ya jingine, tukilinganisha na karatasi za saiba, mpaka saa kumi na mbili jioni. Hesabu zililingana zote. Lakini tangu siku hiyo mama huyo alikuwa anahesabu maneno yake, na sisi tukaona kwamba si haki mtu kupoteza jina lake kwa sababu ya kisanduku kilichoko ukutani.

Jumatatu tukaita kijana fundi, tukakaa naye siku nzima tukiuliza maswali ya kijinga. Kilichotokea ni hiki. Ruta ile ilikuwa imewekwa kugawa namba hamsini tu. Ijumaa alasiri kulikuwa na semina ya vijana, na simu zao thelathini na kitu zikachukua kila moja namba yake. Jumamosi wanachama wakaja na simu zao. Namba zikaisha. Kompyuta ya mweka hazina ilipoamka ikaomba namba, hakuna aliyeijibu, na chombo kisicho na namba hakiwezi kuzungumza na printa hata kama vimewekwa meza moja.

"Lakini vijana walikuwa wameenda nyumbani tangu Ijumaa!" tukamwambia fundi. Ndiyo, simu zilikwenda, lakini namba zao zilibaki zimeandikwa majina yao. Tutaeleza kwa nini.

Namba hizi ni nini?

Kila chombo kwenye mtandao lazima kiwe na namba, vile kila nyumba katika ploti ina namba yake. Namba hiyo ina mafungu manne yenye nukta katikati, kwa mfano 192.168.1.20. Katika ofisi ndogo mafungu matatu ya mwanzo hufanana kwa vyombo vyote, na lile la mwisho ndilo hutofautiana, kutoka 1 hadi 254. Zile zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tangu Februari 1996, pamoja na zinazoanza na 10 na baadhi ya zile za 172. Ofisi yenu inaweza kuwa na 192.168.1.20 na ofisi ya jirani pia, na hakuna ugomvi, kama vile kila koti hapa Fedha ina nyumba namba 5 na barua bado hufika.

Nani anagawa namba? Zamani fundi alizunguka ofisi nzima akiandika namba kwa kila kompyuta kwa mkono. Akikosea, kompyuta mbili zilipata namba moja na zote zikasumbua. Mwaka 1993 ulitolewa utaratibu unaoitwa DHCP, ukaandikwa upya mwaka 1997 na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell huko Marekani, na maandishi hayo ya 1997 ndiyo msingi hadi leo. Mkifungua ukurasa wa ruta yenu mtaona herufi hizo nne, DHCP. Usiziogope.

Fikirini geti la koti lenye soja na kitabu cha wageni. Chombo kikiwashwa hupaza sauti: "Kuna mtu anagawa namba hapa?" Ruta hujibu: "Mimi. Chukua 120." Chombo husema: "Haya, nachukua 120." Ruta humaliza: "Sawa, nimekuandika." Maneno manne tu, na huisha kabla hujakaa vizuri kitini.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa maana ndipo somo lilipo. Namba hiyo haipewi chombo moja kwa moja. Inakopeshwa. Ruta husema ni yako kwa saa 24, au saa mbili, au siku nane, kulingana na vile ilivyowekwa. Chombo kikibaki ofisini, muda ukifika nusu chenyewe huomba kuongezewa. Kikiondoka bila kuaga, na simu nyingi huondoka bila kuaga, namba hubaki imefungwa mpaka mkopo wake uishe. Ninyi mnaoendesha mikopo mnaelewa hili kuliko fundi yeyote: pesa iko mfukoni mwa mtu aliyehama, na huwezi kumpa mwingine mpaka tarehe ifike. Ruta yetu ilikuwa inakopesha kwa saa 24. Simu za vijana wa Ijumaa alasiri zilikuwa bado zina deni Jumamosi asubuhi.

Kompyuta ya Windows iliyokosa jibu hujipa yenyewe namba inayoanza na 169.254. Mkiona namba hiyo, msizime printa, msimpigie mtu kelele. Maana yake ni moja tu: iliomba, haikujibiwa.

Simameni hapa kidogo mjadiliane. Ofisini kwenu kuna vyombo vingapi vinavyoomba namba? Msihesabu kompyuta peke yake. Hesabuni printa, kamera, runinga kama ipo, na simu zote siku ya mkutano mkubwa. Je, kuna yeyote kati yenu anayejua ruta inagawa ngapi? Na ni nani anayejua neno la siri la kufungua ukurasa wa ruta? Kama jibu la swali la mwisho ni "yule kijana aliyekuja kuifunga," basi mmeshapata kazi ya kwanza.

Soja hawapi wote kadi moja

Tatizo letu halikuwa uchache wa namba tu. Tatizo lilikuwa kwamba ruta iliwatendea wote sawasawa: simu ya kijana wa semina ya saa mbili, kompyuta yenye hesabu za kikundi, na printa ambayo haihami mwaka mzima. Soja mwenye akili hafanyi hivyo. Mwenye nyumba ana nafasi yake ya kuegesha gari. Mgeni hupewa kadi ya kurudisha. Fundi wa maji huelekezwa palipo tangi, haambiwi mambo ya nyumba za watu.

Pamoja na namba, ruta hukipa chombo maelekezo mengine. Kila aina ya maelekezo ina namba yake ya utaratibu, na ni ileile dunia nzima. Namba 3 ni mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti. Namba 6 ni wapi pa kuuliza majina ya tovuti. Namba 42 ni wapi pa kuuliza saa. Namba 51 ni muda wa mkopo. Sasa uzuri ni huu, kwamba vyombo vya aina tofauti vinaweza kupewa maelekezo tofauti.

Ruta itajuaje hiki ni chombo cha aina gani? Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni chombo kujitambulisha. Wakati wa kuomba, vingi husema vimetoka wapi, katika maelekezo namba 60. Kompyuta ya Windows husema "MSFT 5.0", na hata zile mpya za Windows 11 bado hujitaja hivyo. Simu za Android hutaja neno linaloanza na "android-dhcp". Simu za mezani zinazotumia mtandao hutaja kampuni iliyozitengeneza. Mgawaji akiwa mwerevu husoma neno hilo na kusema, wewe ni simu, fungu lako ni lile.

Ya pili ni kutambua chombo chenyewe, kimoja kimoja. Kila chombo kina alama ya kiwandani iitwayo MAC, yenye herufi na tarakimu kumi na mbili, zikiandikwa mbilimbili. Jozi tatu za kwanza humtaja mtengenezaji. Mara nyingi alama hii imebandikwa chini au nyuma ya chombo, na printa nyingi huweza kuchapa karatasi ya habari zake yenye alama hiyo. Ukiiandika kwenye ruta na kusema "mwenye alama hii apewe 10 siku zote," umemtengea nafasi. Hakuna mwingine atakayepewa 10, hata ukumbi ujae namna gani.

Kwa vikundi vyetu vingi hii ya pili ndiyo itawafaa, na tunasema hivyo bila kusita. Ruta ndogo zinazoletwa na makampuni ya intaneti kwa kawaida haziwezi kusoma kujitambulisha na kupanga vyombo kwa aina. Zinaweza kutenga nafasi, kubadilisha ukubwa wa fungu, na kubadilisha muda wa mkopo. Mkitaka kupanga kwa aina mtahitaji kifaa kama MikroTik, au kompyuta iliyowekwa programu ya dnsmasq ambayo ni ya bure, au seva ya Windows ya kuanzia toleo la 2012. Parokia au zahanati yenye vyombo mia inaweza kufikiria hayo. Kikundi chenye kompyuta tatu kisinunue trekta kulima shamba la mchicha.

Vile tulivyopanga

Kwanza tukatengeneza orodha, vile mnavyofanya na kitabu cha mali ya kikundi: chombo, kiko wapi, alama ya MAC, nani hukitumia, kinahitaji nini. Kazi hii peke yake ilichukua nusu ya siku. Tuligundua printa ya pili, ya zamani, iliyokuwa chini ya meza ikiwa bado imewashwa na kushika namba. Hakuna aliyekuwa akiitumia.

Halafu tukagawa namba kama mnavyogawa shamba. Namba 1 ni ya ruta. Kutoka 2 hadi 19 ni za vyombo visivyohama: printa ikapewa 10, kisanduku kinachorekodi kamera kikapewa 11. Kutoka 20 hadi 49 ni za kompyuta za ofisi, kila moja imetengewa yake kwa alama. Kutoka 50 hadi 99 tukaacha wazi, maana kikundi kinakua. Kutoka 100 hadi 249 ndilo fungu la kukopesha simu, yaani nafasi 150 badala ya zile 50 za kwanza. Angalieni ruta yenu kwanza, kwa sababu nyingine hukubali kutenga namba ikiwa tu iko ndani ya fungu la kukopesha. Kama yenu ni hivyo, panueni fungu lianze mbali chini, kazi ni ileile.

Muda wa mkopo tukaushusha kutoka saa 24 hadi saa mbili. Kuna waliohofia kwamba kompyuta zitakatika kila baada ya saa mbili. La, hazikatiki. Kumbukeni chombo kilichopo huomba kuongezewa muda ukifika nusu, kwa hiyo kompyuta inayofanya kazi huongezewa kila saa na mtumiaji hajui lolote. Anayeumia ni yule aliyeondoka, naye hayupo. Ruta za maana zaidi huweza kupa simu saa moja na kompyuta siku nane. Ya kwetu ina muda mmoja kwa wote, basi tukachagua mfupi.

Kisha ikaja hoja ya printa na kamera, na hapo pakawa na mjadala.

Printa haina haja ya kwenda kwenye intaneti. Kazi yake ni kupokea kutoka kwa kompyuta za chumba kilekile. Chombo kisichopewa mlango wa kutokea, yaani yale maelekezo namba 3, kitazungumza na jirani zake wa ndani lakini hakitatoka nje. Basi printa tukaipa namba bila mlango, tukiandika kwenye printa yenyewe kwa mkono kwa kuwa ruta yetu haiwezi kutofautisha. Kama ninyi huchapa kutoka mbali kwa kupitia intaneti, msifanye hivyo, itakataa.

Kamera ilikuwa ngumu zaidi. Mwenyekiti anaishi Tassia na alipenda kuangalia ofisi usiku kwa simu yake akiwa nyumbani. Hilo linahitaji mlango. Mweka hazina akauliza swali moja: "Na kama wewe unaweza kutuona ukiwa Tassia, nani mwingine anatuona?" Swali hilo si la woga wa bure. Tarehe 21 Oktoba 2016 kamera na visanduku vya kurekodi vya watu wa kawaida, vingi vikiwa na neno la siri lilelile la kiwandani, vilitekwa na programu mbaya iitwayo Mirai na kutumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikasumbuka kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua. Tulipofungua kisanduku chetu tulikuta neno la siri ni lile la kiwandani. Tukalibadilisha siku hiyo hiyo, na mkutano ukaamua kisanduku kibaki ndani bila mlango. Mwenyekiti hakufurahi sana. Tukamwekea saa yake sawa kwa mkono, kwa maana kamera isiyotoka nje haiwezi kuuliza saa nje, na picha yenye saa mbaya haisaidii kitu ukienda nayo polisi.

Kona ya wanafunzi ina kompyuta moja ambayo watoto hufanyia kazi ya shule. Hiyo tuliielekeza kuuliza majina ya tovuti kwa 1.1.1.3, huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare iliyoanza Aprili 2020, ambayo hukataa tovuti za uchafu na zenye virusi. Kompyuta za ofisi hazikuguswa. Hapo mnaona faida ya kutofautisha: chumba kimoja, waya mmoja, maelekezo mawili. Mtoto mwenye simu na bando lake hatazuiliwa na hili, wazazi msije mkasema hatukuwaambia.

Juu ya simu za mezani hatutakaa sana kwa sababu vikundi vichache vinazo. Zahanati na ofisi kubwa huzitumia. Simu hizo zikiwashwa hutafuta seva ya kuzipa mipangilio; za Cisco hutafuta maelekezo namba 150, na za makampuni mengi mengine namba 66. Bila hayo simu hukaa ikiwaka taa na haipigi.

Mambo matatu ya kujihadhari

Mwezi wa Februari mtoto wa mwanachama mmoja, kijana mwenye moyo mzuri, alileta ruta ya pili ili mtandao ufike chumba cha nyuma. Akachomeka waya, taa zikawaka, akaenda zake. Kesho yake nusu ya ofisi ilichapa na nusu haikuchapa. Baadhi ya kompyuta zilikuwa na namba zinazoanza na 192.168.1 na nyingine 192.168.0. Soja wawili kwenye geti moja, kila mmoja na kitabu chake! Chombo humsikiliza anayejibu kwanza. Dawa yake ni kuzima DHCP kwenye ile ruta ya pili, kuipa yenyewe namba isiyo na mtu, sisi tuliipa 2, na kuchomeka waya kwenye yale matundu ya ndani yaliyo pamoja, si lile tundu la peke yake linalopokea intaneti.

Jambo la pili ni kwamba simu za siku hizi huficha alama zao. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iPhone za iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia alama ya kujitungia kwenye Wi-Fi ili isifuatwe kila inapokwenda. Kwa hiyo msipoteze muda kutenga nafasi kwa simu za wanachama. Mtaitambua alama ya kujitungia kwa herufi yake ya pili: ikiwa ni 2, 6, A au E, si ya kiwandani. Kompyuta ya ofisi ikiwa nayo inafanya hivyo, zimeni jambo hilo kwenye kompyuta hiyo kabla ya kuitengea namba.

La tatu ndilo zito. Kujitambulisha si kitambulisho. Mtu anayesema getini "mimi ni fundi wa maji" huenda ni fundi, huenda ni mwizi. Chombo kinaweza kudanganya aina yake na hata alama yake. Pia simu iliyopewa namba 130 na kompyuta yenye 20 bado ziko ndani ya ukuta mmoja, zinaweza kufikiana. Kupanga namba huleta utaratibu, hakuzuii mwizi. Kuna wanaouziwa mpango wa namba na kuambiwa ni ulinzi. Kataeni.

Ulinzi huanza na kutenganisha mitandao yenyewe. Ruta nyingi, hata za bei nafuu, zina mtandao wa wageni wenye jina lake na neno lake la siri. Simu zikiingia huko hupata intaneti lakini kwa kawaida hazioni kompyuta wala printa za ofisi. Hakikisheni kwa kujaribu: ingieni na simu kwenye mtandao wa wageni kisha mjaribu kuchapa. Ikichapa, haujatenganishwa. Majina ya wanachama wenu, namba zao za vitambulisho, za simu na madeni yao yako ndani ya kompyuta hizo, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azitunze zisiangukie mikono isiyostahili. Kama tungekuwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu katika haya yote, tungefanya hili la mtandao wa wageni, halafu tukatenga namba ya printa.

Gharama yetu? Ruta ni ileile, vyombo ni vilevile. Tulilipa siku moja ya fundi na chakula chake cha mchana. Tukanunua na waya mpya wa printa, umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili usiazimwe tena.

Disemba iliyofuata mweka hazina aliwasha kompyuta saa mbili asubuhi, wanachama wakiwa bado hawajafika. Karatasi zikatoka. Hata hivyo aliendelea kungoja, na ukumbi ulipojaa, simu zote zikiwa zimewashwa, akachapa tena zote kuanzia ya kwanza, mbele ya watu, huku yule mzee amesimama karibu na printa akizipokea moja moja.

Mkishapanga ya kwenu, andikeni kwenye karatasi moja: kila chombo, namba yake, alama yake, fungu la simu, muda wa mkopo, tarehe na jina la fundi. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la ofisi. Neno la siri la ruta lisiandikwe hapo. Liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na watu wawili, mwenyekiti na katibu, na ikae pamoja na kitabu cha benki. Fundi akibadilisha kitu, atoe karatasi kabatini, aandike alichobadilisha, ndipo alipwe.